Diski Isiyopumzika

Daktari hakumkaribisha hata kukaa. Alimtazama Sajini kuanzia viatu hadi kilemba, akaendelea na simu yake, na salamu zote zikaenda kwa mtu wa upande wa pili.

Haya. Sajini alisimama akaitazama ofisi, maana kutazama hakuombi ruhusa. Polisi alishaacha siku nyingi. Zamani alikuwa kwenye kitengo cha makosa ya kompyuta, siku hizi anajitegemea, ila cheo kilimng'ang'ania na hata waliomlipa walimwita hivyo hivyo. Daktari ndiye mwenye kituo, kituo cha kupiga picha za eksirei na CT, na alikuwa amekalia kiti chenye mkono uliofungwa plasta. Karibu na mlango kulikuwa na kiti kingine, cha ngozi, mgongo mrefu, bado kimo ndani ya nailoni ya dukani. Juu ya nailoni kulikuwa na vumbi. Hicho hakikuletwa jana.

"Kazi yenyewe ni ndogo," Daktari alisema alipokata simu. "Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye fundi wa mashine hapa. Amezihujumu, ameubana mtandao. Mimi najua, wafanyakazi wanajua. Nataka wewe uliseme hilo kitaalamu, yule Koplo pale nje amchukue, mimi nirudi kwa wagonjwa wangu."

"Kama unajua, mimi wa nini?"

"Wa kusema."

"Mimi siwezi kusema nisichokiona. Nionyeshe mashine."

"Bibie, sijakuita uje unifundishe kazi."

"Basi tumekubaliana. Na wewe usinifundishe yangu."

Daktari alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Kwenye ukumbi wa kusubiri wagonjwa walikuwa wamebanana kwenye benchi la mbao, na waliokosa nafasi wameegemea ukuta. Mama mmoja mwenye mkono kwenye bandeji alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akiupumzisha mwingine. Nyuma yake, viti vipya vya chuma vilikuwa vimepangwa juu kwa juu, vimefungwa kamba, vyote na nailoni zake. Sajini alimuuliza mlinzi vile ni vya nani. "Vya hapa hapa," mlinzi akajibu, kana kwamba ameulizwa swali la kipuuzi.

Koplo alisimama alipomwona. Aliwahi kuwa chini yake, na mazoea yana tabu.

"Afande. Pingu ninazo, kosa bado."

"Niambie ulichonacho."

"Kuna fundi mwashi alianguka kutoka jukwaani. Mguu ukavunjika, mshipa wa damu ukaziba. Hapa walimpiga picha vizuri tu. Daktari wa upasuaji kule hospitali akazifungua kutoka kwenye seva ya hapa, ile kompyuta inayotunza picha zote, zikakwama. Akangoja. Zikafunguka nusu, zikakwama tena. Hawezi kupasua bila kuona mshipa umeziba wapi. Zilipokuja kufunguka zote, mguu ulishakuwa baridi."

"Wakaukata?"

"Juu ya goti. Ndugu zake wamefungua jalada, na mkubwa wangu anataka mtu leo kabla ya jua kuzama. Huyo shemeji nimemweka kwenye chumba cha eksirei. Haongei na mtu."

"Mkubwa wako akitaka mtu leo, atapewa aliye karibu," Sajini alisema. "Usimtoe huyo mpaka nikuite."

Mlango wa chumba cha seva ulifunguliwa na mwanamke mwenye shada la funguo kubwa kama la mlinzi wa gereza. Watu wote pale walimwita Bi Funguo. Ndiye mtunza stoo, mdogo wake Daktari, na ndiye mke wa mtuhumiwa. Uso wake ulikuwa umefungwa kama stoo yenyewe.

"Usiguse usichokijua," alisema.

"Nisichokijua ndicho nilichokuja kukigusa. Kaa au ondoka."

Hakukaa, hakuondoka. Alibaki mlangoni.

Kibodi ilikuwa imefutika herufi na kitufe kimoja kilikuwa kimefungwa kwa mpira. Juu ya rafu kulikuwa na kibodi mpya ndani ya boksi lake.

"Ile pale kwa nini haitumiki?"

"Ya akiba."

Sajini alikaa, akaanza kazi.

Daktari alikuwa ameapa kwamba shemeji yake ameubana mtandao. Jambo hilo lilikuwa rahisi kulipima. Sajini hakuugusa mtandao kabisa, aliiambia seva yenyewe isome faili kubwa kutoka kwenye diski zake, hapo hapo. Ilisoma kwa kujivuta, ikasimama, ikaendelea, ikasimama tena. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Daktari ameapa bure.

Akafuata diski. Seva ile ilitumia mfumo wa Linux, na picha zote zilikaa kwenye diski tatu zilizounganishwa na programu ya Linux yenyewe, ule mpango mafundi wanaouita RAID. Kila diski ilikuwa na nakala kamili ya kilichomo kwenye wenzake. Moja ikifa, mbili zinaendelea kama kawaida. Na kwa sababu nakala ni tatu, wasomaji wakiwa wengi diski zinagawana kazi. Ndivyo inavyotakiwa.

Skrini ilisema diski zote tatu zipo, zote zimesimama kazini. Hakukuwa na ukaguzi wowote unaoendelea nyuma ya pazia, ule wa kupitia diski nzima ambao hupunguza mwendo. Lakini pembeni ya majina ya diski mbili kulikuwa na herufi W ndani ya mabano. Ya kwanza haikuwa nayo. Sajini aliiona, akaiweka kichwani, na hapo ndipo alipokosea njia.

Alikwenda kwenye usomaji wa mbele. Mashine inaposoma faili kubwa huwa inachota zaidi ya ilichoombwa, ili kipande kinachofuata kikiitwa kiwe tayari mkononi. Kiasi cha kuchota hapa kilikuwa kidogo mno kwa picha nzito kama zile. Sajini alifurahi. Alikiongeza, akasoma tena, na faili likaenda mbio.

"Umepata?" Bi Funguo aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mtu ndani.

Kabla hajajibiwa, faili likasimama. Halafu likajivuta. Halafu likasimama tena, pale pale.

"Sijapata," Sajini alisema, akajitukana kimoyomoyo. Haraka haraka haina baraka, na yeye alikuwa akiwaambia wenzake hivyo kila siku alipokuwa na cheo.

Akarudi nyuma. Safari hii aliacha kulitazama kundi, akaitazama diski moja moja wakati faili linasomwa. Ya pili: haisomi kitu. Ya tatu: haisomi kitu. Ya kwanza ilikuwa imeelemewa kabisa, na kila ombi kwake lilikaa kwenye foleni mpaka likachoka. Aliiomba taarifa ya afya yake. Ilikuwa na sehemu mbovu ambazo kila ikifika hapo inarudia kusoma, inarudia, inarudia, mpaka ikubali kwamba imeshindwa. Sajini aliinama akaiwekea sikio. Ilikuwa inagonga.

Kwa hiyo mgonjwa peke yake ndiye aliyebebeshwa mzigo, na vijana wawili wenye nguvu wamesimama mikono mfukoni. Hapo ile W ikarudi kichwani, na safari hii Sajini hakuipita.

Alama ile ina maana moja: diski hii iandikiwe, lakini isisomwe ila pakiwa hakuna namna nyingine. Wanaiweka kwenye diski zenye mwendo mbaya, ili zibaki nakala tu. Hapa imewekwa kwenye diski mpya, zenye mwendo mzuri, na ile kongwe inayokufa ikaachwa isomwe na mji mzima. Alama hiyo haioti yenyewe kama uyoga. Kuna mkono ulioiandika.

"Neno la siri la kuingia humu analijua nani?" Sajini aliuliza bila kugeuka.

"Kaka yangu. Mume wangu. Mimi," Bi Funguo alijibu.

"Koplo. Mlete."

Shemeji aliingia akiwa wima, na macho ya mtu ambaye hajalala. Viatu vyake vilikuwa vipya kabisa, na tayari vimejaa tope. Begi la kompyuta aliloning'iniza begani lilikuwa jipya pia na limekwishapata doa la wino.

"Umelipwa kiasi gani uje uninyonge?" alimwambia Sajini.

"Kidogo. Tazama hapa."

Aligeuza skrini. Shemeji aliitazama mara moja, akamtazama mke wake pale mlangoni, halafu akatazama sakafu. Safari hiyo ya macho haikuchukua muda, lakini Sajini alikuwa ameingojea.

"Ni mimi," Shemeji alisema. "Hiyo alama niliweka mimi. Koplo, twende."

"Kwa nini uliiweka?"

"Kuhujumu. Si ndicho mnachotaka?"

"Mhujumu gani anayeacha nakala mbili safi, zimekamilika, zimekaa tu? Ungetaka kuua ungeua. Nipe ufunguo wako wa chumba hiki."

Shemeji aliuhamisha mkanda wa begi begani.

"Ufunguo wako."

"Sina. Shemeji yangu, Daktari, alininyang'anya. Alisema ninamharibia vitu vyake."

"Lini?"

"Kabla yule mwashi hajaanguka."

"Na kutoka nje unaweza kuingia kwenye seva hii?"

"Haiingiliki kutoka nje. Nje mtu anafungua picha tu. Amri zinatolewa hapa, kwenye kibodi hii."

Koplo aliacha kuchezea pingu. Sajini alihisi hasira inampanda, na haikuwa hasira ya kitaalamu. Mtu mzima, ana mke, ana akili zake, anasimama hapo anajipeleka jela kwa mguu wake mwenyewe huku akidhani huo ndio uanaume.

"Mficha uchi hazai," alimwambia. "Wewe unaficha usichokifanya. Haya, simameni wote hapo mtazame. Ninaiondoa alama kwenye hii diski ya pili. Nikimaliza, picha zote zitaanza kusomwa kutoka hapa. Kila saa, mchana na usiku, hii mpya ndiyo itafanya kazi."

Alianza kuandika amri, taratibu, akizitafuta herufi kwenye ile kibodi iliyofutika. Shada la funguo lililia. Bi Funguo alikuwa amepiga hatua ndani, mkono mbele.

"Usiichoshe hiyo," alisema.

Bi Funguo mwenyewe aliushusha mkono taratibu. Mume wake alifumba macho.

"Nani amekwambia diski inachoka kwa kusomwa?" Sajini aliuliza, sasa kwa upole.

"Kaka. Zilipoletwa hizi mbili, alisema ni za akiba. Zikae humo, ziwe na kila kitu, lakini zisichoshwe. Ya zamani itumike mpaka iishe, ndipo tuingie kwenye mpya. Kwetu ndivyo tulivyolelewa, Sajini. Mama alikuwa na mashuka hajayatandika mpaka tukamzika nayo. Nikamuuliza mume wangu kama diski inaweza kuandikiwa tu bila kusomwa. Sikumwambia ninauliza kwa nini. Akanieleza, anapenda kueleza. Nikafanya."

"Nikaiondoa," Shemeji alisema, akiwa bado amefumba macho. "Akairudisha. Nikaiondoa, akairudisha. Nyumbani tukawa tunapitana kama wapangaji. Nikamwambia shemeji itatuletea balaa, ndipo akachukua ufunguo."

"Na leo ukataka kumwachia mkeo nyumba peke yake."

"Ana watoto wa kulea."

"Kumbe wewe huna?"

Sajini aligeuka, akamalizia amri. Akaondoa na alama ya diski ya tatu. Halafu akazitafuta picha za yule mwashi, zile zile, akazifungua.

Zilifunguka. Hazikusita wala kujivuta, zilitiririka moja baada ya nyingine, mfupa wa paja, goti, chini ya goti, na ndani yake mshipa mweupe ukishuka vizuri mpaka mahali ulipokatika. Chini ya hapo palikuwa peusi.

"Ndiyo hiyo?" Koplo aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Hii ndiyo picha aliyokuwa akiingoja daktari wa upasuaji."

Bi Funguo alianza kulia bila sauti. Mume wake alimkaribia, akasita, halafu akamshika bega.

"Kuna nini humu?" Daktari alikuwa amefika mlangoni. Aliwatazama, akaitazama skrini, na kwa kuwa si mjinga alielewa picha zimefunguka. "Kwa hiyo amekiri?"

"Amekiri, na amesema uongo," Sajini alijibu. "Aliyeweka ile alama ni mdogo wako. Kwa agizo lako."

Ungedhani damu ni nzito kuliko maji. Daktari hakusita hata kidogo.

"Basi mchukueni huyo. Mimi sijui alama wala nini. Mimi nilisema tu vitu vitunzwe. Akiba haiozi."

"Akiba haijaoza, Daktari. Zile mbili ni nzima kabisa. Kilichooza ni mguu."

"Chunga mdomo wako. Nimekulipa."

"Ulinilipa niseme, sasa ninasema." Sajini alimgeukia Shemeji. "Siku ile ya mwashi, picha zilipokwama, ulikuwa wapi?"

"Mjini. Hospitali walinipigia mimi, namba yangu ndiyo waliyo nayo. Nikampigia shemeji. Nikamwomba aruhusu ile kongwe itolewe, au alama iondolewe, picha zisomwe kutoka kwenye mpya. Nikamwambia kuna mtu yuko kwenye meza ya upasuaji."

"Akasemaje?"

Shemeji alimtazama kaka wa mke wake, akainamisha kichwa kwa ile heshima ya miaka. Aliyejibu ni Bi Funguo.

"Simu ilikuwa kwenye spika, kaka. Tulikuwa hapa hapa, mimi na wewe. Nikakuuliza, niiondoe? Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Kaka, ulisema nini?"

Daktari aligeuza uso.

"Ulisema, 'Hata hizi nazo mnataka kuzimaliza? Angoje.'" Aliyafuta machozi kwa kiganja, kwa hasira. "Nami nikakutii. Nilisimama hapa nikimsubirisha mtu mguu wake, kwa sababu mkubwa wangu amesema angoje. Kisha ukampeleka mume wangu polisi, nikanyamaza tena. Sasa na mimi umenisukumia kwa Koplo, hata hujavuta pumzi."

"Unanidhalilisha mbele ya watu," Daktari alisema.

"Ndiyo," Bi Funguo akajibu.

Koplo alijikohoza. "Afande, kwa hiyo mimi nimwandike nani?"

"Mimi si afande wako tena. Andika ulivyosikia. Huyu mama aliweka alama, atalieleza hilo mwenyewe kituoni, na asisaidiwe kulipunguza. Mume wake hakuwa na ufunguo, mfungulie mlango aende kwa watoto. Na yule aliyeambiwa kuna mtu mezani akasema angoje, unamwona."

Koplo alimwona. Alijiweka sawa mkanda. "Daktari, twende kituoni. Kachukue koti."

Walikwenda wote ofisini, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwacha mwenzake peke yake. Wagonjwa kwenye benchi waliinua macho, wakawafuata kwa macho. Daktari aliingia, akachukua koti kwenye msumari, akayumba. Aliegemea ukuta, akapapasa kitu cha kushikilia, akajiachia kwenye kilichokuwa karibu na mlango. Kilikuwa kile kiti cha ngozi. Nailoni ilipasuka chini yake, na vumbi likaruka.

Alikaa pale, koti mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Sajini karibu amhurumie.

Bi Funguo alisimama mbele yake na shada lake la funguo. Alimtazama kaka yake, halafu akaitazama nailoni iliyochanika.

"Inuka hapo, kaka," alimwambia. "Kitachakaa."